Walimu wa darasa la kwanza njooni: watoto wangu wanasoma "said" kama Saidi

ChakiNaVumbi (mtoa mada)

Habari za jioni wanajukwaa.

Nafundisha darasa la kwanza, shule ya serikali hapa Dodoma mjini, upande wa Nkuhungu. Chumba kimoja, watoto 94. Wiki hii wamenichekesha mpaka nikakaa, ila nilipomaliza kucheka nikaona hapa kuna kazi.

Jumanne nimebandika kadi ubaoni imeandikwa said. Nikauliza nani anaweza kulisoma. Mikono ikapanda kama hamsini hivi. "Saidi!" Darasa zima. Sasa humo ndani nina akina Saidi wawili. Mmoja akasimama akijua kaitwa, mwingine akalalamika kwamba mwalimu kamkata mkia wa jina.

Nikabandika come, wakasoma "ko-me". Nikabandika one, wakasoma "o-ne". Are ikawa "a-re". He wakaisoma kama mtu aliyeshtuka, me wakaisoma kama mbuzi, tena kwa furaha kabisa.

Upande wa kuandika ndiyo usiseme. Nimewatajia maneno kwa mdomo, wameandika: haus, wota, ticha, sed, kam. Mwalimu mwenzangu kapita, kaangalia madaftari, kasema "hawa bado sana." Mimi nikamwambia hawa wamefaulu. Mtoto anayeandika "wota" kasikia sauti zote nne, kazipanga zilivyofuatana, na kila moja kaipa herufi yake kwa kanuni niliyomfundisha mimi mwenyewe. Tatizo kanuni yenyewe ni ya Kiswahili.

Kwa wasio walimu: mtaala wa KKK wa 2015 ulikuwa unampa mtoto miaka miwili ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, Kiingereza kinakuja darasa la tatu. Mtaala ulioanza Januari 2024 umekileta darasa la kwanza. Kwa hiyo asubuhi namfundisha mtoto kwamba a ni a, leo, kesho na keshokutwa. Baada ya uji namwambia a hiyohiyo kwenye cat, cake na was ni sauti tatu tofauti. Wananiangalia kama muuza duka anayebadilisha bei.

Swali langu ni hili. Kwenye semina moja tuliambiwa yale maneno yanayojirudia sana (the, was, said, you, come) tuyaite maneno ya kuona: mtoto aone neno zima kama picha, akariri, asilivunje. Nimefanya hivyo mhula mzima. Wiki iliyopita kadi ya the ilichanika, nikaandika nyingine kwenye manila mpya. Nusu ya darasa hawakuijua. Nikawauliza ile ya zamani mlikuwa mnaijuaje? Binti mmoja wa mbele akanijibu: "Mwalimu, ile ina pembe imekunjika."

Yaani mhula mzima tumesoma pembe.

Wenzangu mnafanyaje?

---

Nzuguni_Kwetu

Nimeweka kambi hapa. Hiyo ya pembe imenimaliza 😂

---

BodaWaIhumwa

Mimi si mwalimu ila nina ushahidi. Mwanangu wa miaka mitano anasoma "Majengo" na "Sabasaba" kwenye vibao vya daladala, nikajisifu kijiweni kwamba nina jiniasi. Siku moja nimemwandikia Majengo kwenye mchanga kwa kijiti, kaniambia hajui. Kumbe anajua gari, hajui neno.

---

MamaMapacha

Mwalimu pole, na huku kwa kulipia hali si nzuri kama mnavyodhani. Wangu wako darasa la pili Inglishi midiamu, jina la shule naliacha. Kila Jumatatu wanakuja na orodha ya maneno 20, Ijumaa kuna mtihani. Nyumbani kwangu jioni ni kama mchakamchaka: bi-ii-si-ei-yuu-es-ii, because! Wanaimba wakioga, wanaimba wakila. Ijumaa wanapata 18, 19.

Jumamosi nikafungua kitabu cha hadithi, nikamwambia Kulwa nitafutie because kwenye ukurasa huu. Katafuta mpaka kachoka. Ipo pale mstari wa tatu. Nikamwambia basi andika sentensi yako, kaandika "I am hapi bikoz". Nimelipa ada ya wimbo.

---

ZabibuChungu

Mnajadili matawi, mzizi mnauacha. Nani kasema mtoto wa darasa la kwanza anahitaji Kiingereza? Amalize KKK kwanza, ajue kusoma lugha anayoiota usiku, ndipo mumletee mambo ya said. Huko vijijini Bahi na Chemba kuna mtoto anakuja shule na Kigogo au Kirangi, Kiswahili chenyewe anakutana nacho getini.

---

ChakiNaVumbi

@ZabibuChungu mkuu sikupingi, ila mtaala siandiki mimi. Kesho saa 2 asubuhi kipindi kipo na afisa elimu kata anaweza kuingia muda wowote. Nataka kujua nikiingia darasani nifanye nini ndani ya dakika 30.

---

BabuWaMpwapwa

Mbukwenyi wanangu. Nimestaafu ualimu, nina zabibu zangu na muda mwingi, kwa hiyo mtanivumilia nikiwa mrefu.

Kwanza tujue hayo maneno yametoka wapi, maana watu wanayabeba kama yameshushwa. Orodha maarufu ilitengenezwa na Mmarekani mmoja, Edward William Dolch, mwaka 1936. Ina maneno 220, na kwa makusudi hakuweka majina ya vitu. Hayo, kama 95 hivi, yana orodha yake pembeni. Baadaye akaja Edward Fry, 1957, akaongeza na kupanga upya mpaka orodha yake ikafika maneno 1,000. Hesabu yake moja mwalimu anapaswa kuijua: maneno 100 ya mwanzo peke yake ni karibu nusu ya maandishi yote ya Kiingereza utakayokutana nayo. Kwa hiyo kazi hiyo si ya bure. Ukimpa mtoto maneno mia, umempa nusu ya ukurasa.

Lakini angalieni Dolch alikuwa anamwandikia nani. Mtoto wa Marekani. Huyo said ameisikia tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, anajua maana na anajua sauti. Kilichobaki ni kumwonyesha namna linavyoandikwa. Mtoto wa Nkuhungu anakutana na sauti, maana na maandishi siku moja, kwenye kadi moja, akiwa nyuma ya vichwa 93. Ukimwambia akariri picha, atashika chochote kinachoshikika. Pembe iliyokunjika inashikika.

Pili, hiyo habari ya kutolivunja neno iacheni. Livunjeni! Chukua said. S inafanya kazi yake kama kwenye saa. D inafanya kazi yake kama kwenye dada. Korofi ni ai peke yake, katikati, inaitwa ai inaitika e. Mtoto hana haja ya kukariri herufi nne. Anakariri ukorofi mmoja.

Na maneno mengi ya Dolch si makorofi kabisa. In, on, big, red, run, get, jump, must: mtoto wa silabi akishajua sauti za herufi za Kiingereza anayasoma mwenyewe. Tunayachanganya yote kwenye kapu moja tunaita "ya kukariri", tunamwonea mtoto.

---

KijitiUbaoni

Shikamoo babu. Sasa one utaivunjaje? Hamna herufi hata moja inayosema "w" pale.

---

BabuWaMpwapwa

Marahaba. Umenishika pabaya, ila sijaanguka.

One zamani ilitamkwa karibu na inavyoandikwa. Matamshi yakahama, maandishi yakabaki. Ukitaka ushahidi tazama ndugu zake: only, alone. Humo sauti ya zamani bado inasikika. Alone ni all na one zilizoshikana. Two nayo w yake haisikiki, lakini twende kwa nduguze: twelve, twenty, twice, twin. Wote wana mbili ndani yao na wote wanaitamka w. Darasa la tatu na la nne niliwafundisha kwa koo za maneno namna hiyo, hawakuandika "tu" tena. Kwa darasa la kwanza one wape tu wakariri, ni moja ya chache.

Kingine ambacho walimu hatukitumii: Kiswahili tuna th na dh! Mzungu anaandika th kwa zote mbili. This, that, the ni dh ya dhahabu. Think, three, thank ni th ya thelathini. Mfaransa anahangaika nazo mpaka uzeeni, sisi tunazo kwenye kitabu cha kwanza.

---

KijitiUbaoni

Babu, kwenye kitabu ndiyo. Midomoni huku kwetu ni zahabu na selasini 😅 Nina darasa la pili hapa Kongwa. Wakisema "zis is my buk" najua kabisa imetokea wapi.

---

BabuWaMpwapwa

Basi ukinyoosha dhahabu umenyoosha na this. Kipindi kimoja, masomo mawili.

---

ImlaKilaSiku

Naona wote mmekimbilia Kiingereza kana kwamba Kiswahili tumemaliza. Mimi nasema imla ya Kiswahili imekufa na humu jukwaani ushahidi umejaa. Watu wazima, wana digrii, wanaandika "uyu", "apa", "ivyo", "nime fika", "kwasababu". Hayo ndiyo maneno yetu yanayojirudia: huyu, hapa, hivyo, kwa sababu, kwa hiyo. Kuyasoma hakuna shida hata kidogo, mtoto akishajua silabi anasoma gazeti. Shida ni kuyaandika, kwa sababu mdomo umeshadondosha h na mkono unafuata mdomo.

Ukisahihisha madaftari ya darasa la pili utakuta kitu kingine: nyuba, goma, kicha. Mtoto anasikia nyumba ila m kabla ya b inampita puani hata hajui kwamba ni herufi. Ukimtamkia taratibu "nyuuum-ba" anashtuka kama umemwonyesha chumba cha siri nyumbani kwao.

Halafu ng na ng'. Ngoma na ng'ombe. Kile kikoma cha juu watoto wanakiona kama uchafu wa chaki. Niliwahi kukuta daftari mtoto kakipanguza kwa kidole mpaka karatasi imetoboka.

---

Nzuguni_Kwetu

Mkuu hapo kwenye "nime fika" umenilenga mimi au?

---

ImlaKilaSiku

Jiwe gizani 😂

Ila tukumbuke Kiswahili kinaandikika kwa urahisi kwa sababu watu walikaa wakapanga. Mwaka 1928 walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi, 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki, wakasanifu tahajia. Waingereza wao walianza kuchapa vitabu 1476 matamshi yakiwa bado yanatembea. Maandishi yakagandishwa, midomo ikaendelea na safari. Ndiyo maana babu anahitaji koo na ndugu kueleza two.

---

MamaMapacha

Babu, kwa hiyo hizo 20 za Ijumaa ziachwe?

---

BabuWaMpwapwa

Mama, 20 kwa wiki kwa mtoto wa miaka saba ni gunia kwenye baiskeli. Mimi nisingezidisha tano, na hizo tano zirudi wiki ijayo, na ya tatu, zikiwa ndani ya sentensi. Na aandike. Kuimba herufi ni kazi ya ulimi, tahajia ni kazi ya jicho, sikio na mkono kwa pamoja. Jioni mwambie Kulwa alitazame neno, alitamke, alifunike, aliandike, afunue, alinganishe mwenyewe. Akikosea usimfokee. Muulize wapi pamekataa, akuonyeshe kwa kidole.

Ila wimbo usiuue kabisa. Doto akikwama kwenye because utamsaidia.

---

MamaMapacha

Asante babu. Umejuaje kuna Doto 😄

---

BabuWaMpwapwa

Kulwa hakai peke yake.

---

ChakiNaVumbi (wiki tatu baadaye)

Wanajukwaa nimerudi na mrejesho, msije mkasema nimefungua uzi nikakimbia.

Kadi nimezitupa. Nimeokota mbegu za ubuyu, maana hapa Dodoma kama kuna kitu hakinunuliwi ni hicho. Kila mtoto ana mbegu nne kwenye kifuniko cha chupa ya maji. Nasema neno, kwanza kwa maana yake kabisa: namwita mmoja anaongea, halafu nasema "Neema said hello." Kisha tunalitamka polepole na kusogeza mbegu moja kwa kila sauti. Said: s, e, d. Mbegu tatu. Hapo watoto wote wako vizuri, kusikia sauti si tatizo lao.

Ndipo naandika ubaoni. Chini ya mbegu ya kwanza s, ya mwisho d, na ya katikati naandika ai kwa chaki nyekundu. Nikawaambia hawa wawili wanakaa nyumba moja na wamekubaliana kujificha. Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, wanadanganya." Basi tangu siku hiyo herufi nyekundu zinaitwa waongo. Kwenye come mwongo ni o, na e ya mwisho wameiita "amelala". Kwenye was waongo ni wawili, a na s, na kuna mvulana aliligundua mwenyewe kabla sijashika chaki nyekundu. Nilitaka kumbeba.

Madaftari hayatoshi, kwa hiyo kuandika tunatoka nje chini ya mwarobaini. Wanaandika mchangani kwa kidole, wanafuta kwa kiganja, wanaandika tena bila kuangalia. Upepo wetu mnaujua. Mara nyingi unafuta kabla sijafika kusahihisha, safu ya mwisho inaniambia "nilipata mwalimu, upepo umekula". Siwezi kuthibitisha.

Kasoro zipo. Mbegu siku ya kwanza zililiwa, wengine wamezimung'unya mpaka zikawa nyeupe. Watoto kama kumi na tano bado wanageuza b na d, na hao was na saw kwao ni neno moja likitazamwa kwenye kioo. Halafu kuna sita ambao tatizo lao si Kiingereza, hawajashika ba be bi bo bu. Hao nimewatoa kwenye waongo kabisa, nawachukua wakati wenzao wako michezo, tunarudi kwenye silabi za Kiswahili. @ZabibuChungu kwa hao sita nakubaliana na wewe asilimia mia.

Ijumaa nimefanya imla ya maneno matano: the, was, said, come, one. Nimesahihisha mpaka saa 3 usiku. The wengi wamepata. One imewashinda wengi, wameandika wan. Babu ulisema ni ya kukariri, naona nitarudia wiki ijayo. Said, watoto 61 wameandika sawasawa, na 20 hivi wameandika siad, yaani waongo wanawajua ila wamewapanga vibaya. Nimewapa nusu, mwalimu wa taaluma akitaka anishtaki.

---

ZabibuChungu

Mwalimu nimesoma mpaka mwisho. Sijabadili msimamo ila hiyo ya waongo naiba. Nina mdogo wangu Kondoa anafundisha.

---

KijitiUbaoni

Waliogeuza was na saw, mimi nilipunguza kwa kuwawekea kidole cha kushoto mwanzo wa neno kabla ya kusoma. Hawaanzi mpaka kidole kikae. Na usiyafundishe wiki moja hayo mawili, yaachanishe hata mwezi.

Na akina Saidi wako wameendeleaje?

---

ChakiNaVumbi

Saidi wa kwanza yuko vizuri. Huyu wa pili, aliyelalamika kukatwa mkia, kaenda nyumbani kafuta i ya mwisho kwenye daftari zote, kaandika Said. Akiitwa Saidi haitiki, anasema yeye anaitwa Sed, mwalimu ndiye kasema.

Jana mama yake kaja shuleni na mtoto mgongoni, anataka kujua nani kambadilishia mwanaye jina bila kuchinja hata kuku.

---

BodaWaIhumwa

😂😂😂 Ukamjibuje?

---

ChakiNaVumbi

Nilichukua mbegu za ubuyu nikamkalisha chini ya mwarobaini. Tulipofika kwenye come akaniambia niendelee, bado ana muda.